Vivuli vya Herufi za Baba

Jumanne, 4 Machi

Daftari jipya. Hili si la Mshauri. La Mshauri ni ile karatasi ya miraba aliyonipa leo: kila mraba saa moja ya siku, napaka kijani nikipumzika, njano nikifanya kitu chepesi, nyekundu nikifanya kitu kizito. Hili ni langu. Mama, kama umelifungua, lifunge.

Baada ya daktari wa damu, wa moyo, wa koo na yule aliyenigonga goti kwa kinyundo, sasa nimepelekwa kwa mwanasaikolojia. Nilinuna njia nzima. Miezi kumi na minne tangu ile homa. Homa yenyewe ilikaa siku tisa ikaondoka, uchovu ukagoma kuondoka. Si uchovu wa kulala ukaamka vizuri. Nalala saa kumi na moja mfululizo, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kuoga ni safari. Ngazi za shule nimeshazisahau.

Chumba kiko chini, hakina ngazi — angalau hapo wametumia akili. Viti viwili vya kitambaa, kochi moja limebonyea katikati, dirisha linatazama maegesho ya magari. Mshauri ni mama wa makamo, raba nyeupe, kalamu nyuma ya sikio kama seremala. Kabla hajamaliza kujitambulisha nikamuuliza: kwa hiyo ni kichwani mwangu? Akasema hapana. Uchovu ni wa kweli, uko mwilini, hakuna anayebishana na hilo. Kazi yetu ni namna ya kuishi nao, na hizo hofu zinazoupanda mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye. Akaniharibia.

Mama alijibu maswali manne kwa niaba yangu. La tano Mshauri akamwomba kwa adabu akasubiri nje. Mama yangu, kutolewa nje! Sijawahi kuona.

Halafu akaniuliza, cha zamani unachokitamani zaidi ni kipi. Nikasema shule. Uongo mtupu, jibu la kwenye fomu. Mimi natamani Jumamosi.


Jumatano, 5 Machi

Kijani, kijani, kijani, njano (nimeosha nywele), kijani. Penseli ya kijani itaisha kabla ya wiki.


Jumamosi, 8 Machi

Saa moja na robo asubuhi nimemsikia Baba akitoka. Sauti zake nazijua kwa mpangilio: mlango wa stoo, makopo kugongana, ngazi kulazwa juu ya gari, kikohozi kimoja, injini. Zamani kati ya kikohozi na injini kulikuwa na kingine: "Fundi, tunachelewa." Fundi ni mimi. Leo ni kikohozi, kisha injini.

Nilikuwa na miaka minane alipoanza kunichukua. Mama alikuwa na zamu za Jumamosi posta, kwenye chumba cha kupangia barua, na Baba hakuwa na pa kuniacha. Akanipa kopo la kukalia na kijiti cha kukorogea rangi. Baba ni mchora mabango. Maduka, shule, kliniki, karakana, kuta nyingi za mji huu zina mwandiko wake. Yule mtoto wa kukoroga rangi akakoroga mwaka mzima, na nilipofika tisa Baba akaninunulia brashi bapa ya nywele laini, akasema sasa utaweka vivuli.

Kila herufi nzuri ya ukutani ina kivuli chake, upande mmoja na chini, ili isimame. Bila kivuli inalala. Baba anaandika herufi, mimi namfuata nyuma naweka kivuli. Tuligawana hivyo miaka sita. Rangi yake si nyeusi tupu, Baba anachukia nyeusi tupu. Nyeusi, tone la buluu, thina kidogo ya kuilainisha, mpaka iwe kama moshi. Mpaka leo nikifumba macho naisikia ile harufu. Tulikuwa hatuongei sana. Saa nne chai ya chupa, mkate, miguu ikining'inia nyuma ya gari. Anauliza, unaonaje? Nasema, ile G imenenepa. Anasema, na wewe je.

Shangazi amekuja saa sita. Akasimama mlangoni mwa chumba changu, akasema umri huu yeye alikuwa anabeba ndoo sita za maji kabla ya kwenda shule. Mwaka jana zilikuwa nne. Akamwambia Mama, wifi, huyu mnamdekeza. Mama akamwambia chai inapoa.


Jumanne, 11 Machi

Mara ya pili kwa Mshauri. Kaziangalia rangi zangu muda mrefu. Akanionyesha: siku moja, Alhamisi, nimepaka nyekundu saa tatu mfululizo (nilijisikia vizuri, nikapanga kabati lote), halafu siku mbili kijani tupu. Akasema ndiyo mchezo wenyewe huo, siku nzuri inakula siku mbili mbele yake. Dawa yake ndiyo hii, na ni ya ajabu: dakika kumi za kitu ninachokipenda, kisha dakika ishirini za kulala macho yamefumbwa, bila redio, bila kitabu. Mara moja kwa siku. Saa ikilia, naacha. Nikijisikia vibaya sana, natimiza kidogo kidogo. Nikijisikia vizuri — hapa ndipo penyewe — naacha vilevile. Kuacha ukiwa mzima, akasema, ndilo somo lenyewe.

Nikamwambia ni somo la kijinga. Akaandika.

Kitu ninachokipenda? Nikasema vivuli. Nikaeleza. Akaweka kalamu chini akasikiliza vizuri. Tumekubaliana: herufi kwenye makaratasi magumu, kwenye stoo ya Baba, na Baba ndiye atashika saa, maana Mama yuko kazini mpaka jioni. Saa yenyewe ile ya jikoni ya kengele.

Baba alikuja kunichukua. Tulipita barabara kubwa, na mimi sijapita pale tangu mwaka jana. Duka la dawa lina bango jipya. Herufi nyekundu, mwandiko wa Baba kabisa, ile R yenye mguu mrefu. Halina kivuli. Kinyozi, hakuna kivuli. Shule ya udereva, hakuna. Nilihesabu matano. Herufi zote zimelala chali ukutani.

Nikamuuliza, mbona huweki vivuli siku hizi? Akabadilisha gia. Akasema wateja siku hizi wanataka wazi wazi.

Nikasema sawa. Niliumia, basi tu. Kumbe mabango yanakwenda bila mimi, na watu wanalipa.


Alhamisi, 13 Machi

Leo! Dakika kumi stoo.

Baba alikuwa amefagia. Baba kufagia stoo! Makopo yamepangwa kwa rangi, kigoda changu kimefutwa, kwenye meza kipande cha boksi kina herufi moja, A, kubwa, imekauka. Ameniwekea brashi yangu. Nywele zake zilikuwa safi, laini, zimefungwa kwenye karatasi kama nilivyoziacha. Mtu ameziosha na kuzipaka mafuta. Sikuuliza.

Mkono ulipotea njia mstari wa kwanza. Wa pili ukakumbuka. Sikujua mkono unaweza kukumbuka kitu ambacho mwenyewe umeshakata tamaa nacho. Mguu wa kulia wa A ukasimama pale kwenye boksi, nikacheka peke yangu.

Saa ikalia. Bado mguu mmoja. Nilimtazama Baba, Baba akaitazama saa, akaifunika kwa kitambaa mpaka ikanyamaza.

Akasema, malizia tu huo.


Jumapili, 16 Machi

Jana dakika ishirini. Leo dakika ishirini na tano, B na sehemu ya C. Kwenye karatasi ya Mshauri tumeandika kumi. Tumeandika wote wawili: mimi nimeshika penseli, Baba amesema haya, kumi. Baba hasemi uongo kwa mtu yeyote, hata kwa mteja anayetaka rangi ya bei rahisi. Mimi ndiye nimemwingiza. Au yeye kaniingiza. Tumeingizana.

Ila sijachoka sana. Nimechoka kawaida. Leo alinisimulia jinsi alivyoandika "KILINIKI" kwenye ukuta wa daktari mzima, na daktari akapita chini yake wiki mbili hajaona. Ile hadithi naijua. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyeiwekea kivuli ile I ya ziada. Tulicheka kama mara ya kwanza. Kwa nusu saa nilikuwa na miaka kumi na tatu tena, mzima, na kesho Jumamosi.


Jumanne, 18 Machi

Mshauri amefurahi. Karatasi safi, hakuna nyekundu, dakika kumi kila siku kama chumvi iliyopimwa. Akasema mwili umekubali msingi, tupande: dakika kumi na nne. Nikajisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Halafu tukafanya karatasi nyingine, ya fikra. Safu tatu. Ya kwanza: fikra inayokuja ukiwa umelala pale macho yamefumbwa. Nilikataa kuandika. Akasema hana haraka. Akanywa maji. Nikaandika: Baba atazoea kufanya kazi bila mimi. Nikaifuta "atazoea," nikaandika "amezoea."

Safu ya pili: ushahidi. Mabango matano bila kivuli.

Safu ya tatu: maelezo mengine yanayowezekana. Nikaacha wazi. Akaniuliza, umemuuliza? Nikasema nimemuuliza, amesema wateja. Akasema, ulimuuliza habari za wateja au habari zako?

Mwanamke huyu ana maswali ya kuudhi. Nimekuja nayo nyumbani, niko nayo mpaka sasa.

Nikilala zile dakika ishirini (nazilala kweli, hizo sidanganyi) ndilo linalonijia. Sihofii kutopona. Nahofia nipone nikute kigoda changu kimewekwa makopo.


Jumamosi, 22 Machi

Saa moja na robo. Mlango wa stoo, makopo, ngazi, kikohozi. Halafu mlango wangu ukagongwa kidogo, kwa kucha.

"Fundi. Tunachelewa."

Mama alikuwa zamu. Nilivaa ndani ya dakika mbili, mimi ambaye hata soksi huzivaa kwa mapumziko. Baba akasema utakaa tu kwenye gari uangalie. Nikasema ndiyo, nitakaa tu. Waongo wawili.

Kazi ni kwa Mzee wa Funguo, anayechonga funguo karibu na stendi. Anataka bango lake lipakwe upya, maneno yaleyale: FUNGUO ZA KILA AINA. Hilo ndilo bango langu la kwanza. Nilikuwa na miaka tisa. Baba aliandika asubuhi, mimi nikaambiwa weka vivuli, kivuli kinakaa upande ambao jua halipo. Nikatazama juu, jua liko kulia, nikaweka vivuli vya FUNGUO kushoto. Tukaenda kula. Tuliporudi nikatazama tena juu, jua limehamia kushoto. Basi ZA KILA AINA nikaweka vivuli kulia. Nilifuata jua kwa uaminifu wote! Baba alishuka ngazi, akarudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara, akasimama pale muda. Akarudi akasema, imetoka vizuri. Hakurekebisha hata mstari. Miaka saba limekaa hivyo.

Nilimwamkia Mzee wa Funguo, akaitikia marahaba, mtoto wa majua mawili, ulipotelea wapi? Nikasema niliumwa. Akasema wateja walikuwa wanamuuliza kama duka lake linafungwa mchana kupisha jua la pili. Anajipenda kwa utani wake. Akasema safari hii anataka vivuli vilevile, lakini jua liwe moja.

Nikashuka kwenye gari. Nilisema nitashika tu msasa kidogo. Nikasugua F yangu. Chini ya msasa ile rangi ya moshi ya mtoto wa miaka tisa ikawa vumbi, ikaniingia puani, nikapiga chafya, nikasikia uchungu na raha kwa pamoja. Baba alisugua kutoka mwisho, mimi kutoka mwanzo, tukakutana kwenye K. Saa nne chai ya chupa, nyuma ya gari. Miguu yangu sasa inafika chini. Akaniuliza, unaonaje? Nikasema, tungeacha kivuli kimoja, kumbukumbu. Akasema, tungeacha. Tulikuwa tumeshavifuta vyote.

Tukapaka praima, ile rangi ya msingi. Tukapiga mistari, yeye anashika uzi wa chaki huku, mimi kule, unauvuta katikati unauachia — tap! — mstari wa buluu umenyooka. Ile tap! Nimeikosa mwaka mzima.

Saa tatu. Saa tatu nzima za kazi. Saa ya jikoni ilibaki nyumbani.

Nimerudi, nimeandika 14. Naandika hapa kwa sababu nataka pawe na mahali pamoja palipoandikwa kweli. Nilikuwa mzima leo. Nilikuwa mimi.


Jumatatu, 24 Machi

Siwezi kushika hii kalamu vizuri. Mwanga unauma. Mama ameweka shuka dirishani.


Alhamisi, 27 Machi

Nimekwenda chooni kwa kushika ukuta. Nimerudi nimelia kwa sababu ya umbali. Ni hatua kumi na moja.


Ijumaa, 28 Machi

Mama amejua. Alinisuka ili nywele zisinisumbue, akakuta chaki ya buluu kwenye mizizi. Akachukua karatasi ya Mshauri, akasoma Jumamosi: 14. Akaenda jikoni kwa Baba. Nimesikia kupitia ukutani. Hakupaza sauti, Mama akikasirika anapunguza sauti. Amesema ameomba ruhusa kazini mara thelathini na mbili kwa ajili ya huyu mtoto. Amesema ulikuwa na kazi moja tu, kushika saa. Baba akasema, nilitaka awe na siku moja. Mama akasema, haya, umempa moja, umechukua ngapi?

Baadaye mlango wa stoo.


Jumanne, 1 Aprili

Sikwenda kwa Mshauri. Amepiga simu, Mama akaniwekea sikioni. Nikamwambia yote: kumi hazikuwa kumi, kumi na nne zilikuwa saa tatu. Nikangoja nigombezwe. Akasema asante kwa kuniambia, nilikuwa napanda ngazi iliyochorwa. Akasema tutaanza chini, na Baba aje.

Baba haingii chumbani kwangu. Anasimama mlangoni, anauliza umekula, anaondoka. Jumamosi alikwenda kwa Mzee wa Funguo peke yake. Kikohozi, injini. Nadhani anaona aibu. Nadhani ananiogopa. Au ndiyo ameona bora kazi iende, mimi nibaki kuwa mgonjwa wa nyumbani wa kuulizwa umekula. Safu ya kwanza, safu ya kwanza, safu ya kwanza.


Jumanne, 8 Aprili

Wote watatu: mimi, Baba na Mshauri. Baba alikaa kwenye lile kochi lililobonyea, magoti juu, kofia mkononi. Mikono yake ina rangi hata akioga kwa msasa. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia kwa kunifanya nimwonee huruma.

Mshauri hakumgombeza. Alimwambia tu, mzee wangu, mimi napima dozi kwa hii karatasi. Karatasi ikidanganya, mimi ndiye ninayemuumiza. Baba akasema, naelewa, ni kama kupaka juu ya ukuta mbichi. Akasema nilijua. Nilijua kila saa ilipolia.

Akamuuliza, kwa nini basi?

Baba alizungusha kofia. Nilidhani atasema wateja. Akasema kwa sababu akishuka kwenye kigoda sijui kama atarudi tena kukikalia. Akishika brashi namwona yule wangu. Saa ikilia anaondoka yule, namrudisha kitandani huyu. Sikuweza.

Mshauri akasema, na huyu ni nani? Taratibu, hakuwa na ukali. Baba akanitazama. Muda mrefu hajanitazama hivyo. Akasema ni mwanangu, huyu pia.

Hapo nikauliza. Sikupanga. Nikasema, mbona mabango yako hayana vivuli?

Akasema, nimekwambia, wateja...

Nikasema, Baba.

Akaangalia dirishani, maegesho. Akasema vivuli ni vyako. Nikiviweka mimi nafasi yako inaziba. Wateja wananung'unika, wengine wamekwenda kwa wengine. Nawaambia mtu wa vivuli anaumwa, akipona atapita kote. Matano, kumi, yote atapita. Yamekaa yanakungoja.

Nililia vibaya, kamasi na yote. Safu ya tatu niliyoiacha wazi ilikuwa inaendesha gari siku ile, ikabadilisha gia! Mwanamke huyu na maswali yake. Mshauri akanisogezea tishu, akanipa muda, halafu akaharibu tena. Akamwambia Baba: yule wa saa tatu anaweza asirudi. Anaweza kurudi, mimi sina ahadi. Anaweza kuja mwingine, wa dakika nane kwa siku, mwaka mzima, labda zaidi. Huyo wa dakika nane, unaweza kufanya naye kazi?

Nilitaka aseme ndiyo haraka.

Akasema sijui. Akasema, kazi yangu ina wateja, mama. Sijui.

Njiani nilimkasirikia mpaka kwenye taa za barabarani, halafu nikagundua ni mara ya kwanza mwaka huu mtu kunijibu bila kunibembeleza.


Jumatano, 16 Aprili

Dakika sita. Si nane, sita. Naanza chini kuliko nilipoanza. Saa sasa nashika mwenyewe, naweka kwenye mfuko wa aproni, Mshauri ameagiza hivyo. Baba anakaa upande wa pili wa stoo anasafisha brashi ambazo ni safi. Ikilia anaangalia chini. Jana mstari ulikuwa unakwenda vizuri mno na ikalia, nikaendelea kama pumzi tatu, nikaacha. Nimeandika: sita na pumzi tatu. Mshauri alicheka kwenye simu, akasema hiyo ndiyo karatasi ya kwanza anayoiamini.

Zamani naiwaza bado. Kila siku. Mshauri hasemi niache. Anasema iwe mahali pa kutembelea, nisihamie.


Jumatano, 23 Aprili

Nane. Wiki nzima hakuna kitanda cha mchana kutwa. Nimefika getini na kurudi.

Baba jioni, akiwa amesimama mlangoni: herufi za Mzee wa Funguo zimeisha, kumi na sita, zimekauka. Mzee anasumbua, ngazi na jukwaa vimeziba nusu ya mlango wake. Akasema, Jumamosi, kama unataka, dakika zako nane ufanyie kule. Nimemuuliza Mama yako. Amesema nimuulize Mshauri. Nimemuuliza Mshauri.

Baba amempigia Mshauri simu mwenyewe. Baba, anayemtuma Mama akanunue vocha kwa sababu hapendi kuongea na mwenye duka.


Jumamosi, 26 Aprili

Naandikia nyuma ya duka la Mzee wa Funguo, kwenye stoo yake, juu ya godoro dogo ambalo Baba amelileta kutoka nyumbani. Limezungukwa na maboksi ya vitasa. Kuna harufu ya chuma na mafuta ya mashine. Nimemaliza kupumzika. Sijatoka.

Ilikwenda hivi. Jukwaa alikuwa amelishusha, nilipanda vidato viwili tu. Herufi zake ni nzuri. Ile G hakuinenepesha. Jua tumekubaliana linatoka kulia, moja, mpaka mwisho. Nikaweka saa, nane. F nikaimaliza. U nikaanza, mguu wa kushoto ukakaa, nikashuka chini kwenye ule mzunguko, mkono umepata moto, kichwa chepesi, hakuna ukungu, hakuna chochote — nilijisikia mzima. Mzima kama zamani. Ningeweza kumaliza neno zima, nakuapia daftari.

Ikalia. Nusu ya mzunguko.

Baba alikuwa chini ameshika jukwaa. Hakusema malizia. Hakusema acha. Niliona shingo yake imekaza.

Nikaacha. Mwenyewe, nikiwa mzima. Nikaweka brashi kwenye kopo, nikashuka, nikaja kulala hapa, macho nimefumba, dakika ishirini.

Mlango ni wa mbao nyembamba, unasikia yote. Mzee wa Funguo akauliza, ndiyo tumemaliza? Baba akasema kwa leo. Akauliza, herufi moja na nusu? Baba akasema ndiyo. Mzee akapiga hesabu kwa sauti: zimebaki kumi na nne na nusu, kwa mwendo huu ngazi itakaa mlangoni mwake mpaka wiki ya pili ya Mei. Akashusha sauti, lakini sauti yake haishuki vizuri, imezoea mashine. Akasema, wewe si ndiye uliyemfundisha? Saa moja tu hapo umemaliza. Mtoto mwenyewe kalala. Mwambie nilikulazimisha mimi.

Baba hakujibu.

Mzee akasema, mimi nina wateja, bwana. Na wewe unao.

Halafu nikasikia jukwaa likiburuzwa kwenye sakafu. Kuondolewa mlangoni, au kusogezwa kwenye N. Sauti ni ileile. Kwa kukisia zilikuwa zimebaki dakika kumi. Mlango una upenyo, ningegeuza kichwa tu ningeona, kupitia mlango wa mbele, miguu ya jukwaa iko wapi. Sikufumbua macho. Mwaka huu sijafanya kazi ngumu kuliko hiyo. Nilikuwa najiambia: akiendelea, hana kosa, ana wateja, alisema sijui na alisema kweli. Nikajiambia mara nyingi. Haikuingia.

Sasa saa imelia, na nimeandika kurasa hizi zote ili nisitoke. Nje kimya. Mashine ya funguo imezimwa. Kimya cha mtu anayekunja vitu, au kimya cha mtu anayevuta mstari mrefu akiwa amebana pumzi.

Ananiita. "Fundi." Nyayo zinakuja huku.

Rangi ya kivuli haitoki vidoleni kwa kitambaa kikavu; kama ameendelea bila mimi, itakuwepo, bado mbichi. Nitamtazama mikono kwanza, ndipo uso. Mlango unasukumwa.